Abiria wa kulipwa: mtoto wako na tangazo lililojificha ndani ya video

Kama umewahi kupanda matatu ya kwenda mbali, huenda umepatikana na ujanja huu. Unafika stejini, manamba anakuita, "Wawili twende, wawili tu!" Unachungulia ndani na kweli viti vimejaa. Mama amepakata mkoba, kijana anabonyeza simu. Unalipa, unakaa. Baada ya dakika tano yule kijana anashuka, na wa nyuma yake anamfuata. Kumbe nusu ya gari walikuwa vijana wa steji, wamekalishwa pale ili gari lionekane linakaribia kuondoka. Manamba hakukupata, kwa kuwa kazi yake unaijua na maneno yake unayapima. Aliyekupata ni yule uliyedhani ni abiria kama wewe.

Katika kazi yetu ya kuelimisha wanunuzi, huu ndio mfano ambao watoto wameuelewa haraka kuliko mingine yote niliyojaribu. Tangazo la kawaida ni manamba. Mtu wa mitandaoni anayelipwa kusifu kitu bila kusema kwamba amelipwa ni yule abiria.

Tuliwahi kukaa na wanafunzi wa Gredi ya Tano, tukawaonyesha video fupi. Msichana anamsuka mdogo wake huku akisimulia vituko vya shuleni. Katikati ya hadithi anafungua chupa ya juisi, anapiga funda mbili, anairudisha mezani, hadithi inaendelea. Tukauliza kama kuna tangazo humo. Darasa zima likasema hapana. Mvulana mmoja akatufafanulia, kwa subira ya mtu anayeongea na wazee, kwamba tangazo ni ile kitu unangoja sekunde tano halafu unairuka.

Hakukosea. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na simu yenyewe: tangazo lina mlango wake na kitufe chake cha kuruka. Lisilo na kitufe si tangazo.

Tukairudia video polepole. Safari hii msichana aliyeketi mbele akanyoosha mkono. "Chupa ameishika chini kabisa. Mtu akiwa na kiu hushika katikati." Alikuwa ameona jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliona. Vidole vilikuwa chini ili jina la juisi lisifunikwe, na chupa iliporudi mezani, jina lilikuwa bado linatazama kamera. Baada ya hapo hatukuwa na kazi tena. Darasa lilianza kuwinda lenyewe.

Wazazi wengi hudhani mtoto akishajua kusoma atajua pia kujikinga. Mambo hayaendi hivyo. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilipokusanya tafiti mwaka 2004, kilieleza kwamba watoto wa chini ya miaka 8 hawana uwezo wa kutambua kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Hulipokea kama habari tu. Na hapo walikuwa wakizungumzia tangazo la televisheni, lenye muziki wake na mwisho wake. Katika video ya mtu wa mitandaoni hata mtoto wa miaka 12 ana shida, kwa sababu anayemuuzia ni mtu anayempenda. Anajua jina la paka wake, anajua lini alilia. Mtu wa namna hiyo mtoto hamwiti mchuuzi, humwita rafiki.

Nguvu ya urafiki huo imepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, waliwachukua watoto 176 wa miaka 9 hadi 11 na kuwaonyesha kurasa za Instagram za watu maarufu wa video. Kundi moja liliwaona wakiwa na vitafunio vyenye sukari na mafuta mengi, jingine likawaona na vitu visivyo chakula. Kisha wote wakawekewa vitafunio. Kundi la kwanza lilikula wastani wa kalori 448, la pili 357. Hakuna aliyewaambia kula. Walitazama picha tu.

Sasa utaniambia dawa ni kibandiko, iandikwe wazi kwamba hili ni tangazo. Ninakubali kiandikwe, na nchi kadhaa zinalazimisha. Uingereza, mwaka 2014, mamlaka ya viwango vya matangazo iliziona video za vijana waliokuwa wakishindana kulamba biskuti za Oreo kuwa na kasoro, kwa sababu kuishukuru kampuni ndani ya video hakukumweleza mtazamaji mapema kwamba anatazama tangazo. Ufaransa ilitunga sheria Juni 2023 inayomtaka mshawishi wa mitandaoni aseme wazi kwamba kazi ni ya kulipwa. Anayekaidi anaweza kufungwa hadi miaka 2 na kutozwa faini hadi euro 300,000. Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi.

Lakini watafiti walewale wa Liverpool walijaribu pia kuwawekea watoto kibandiko kwenye video ya vitafunio. Kibandiko hakikuwafanya watoto wapunguze kula. Wala mimi sishangai. Kwenye YouTube maandishi hayo hutokea pembeni video inapoanza, yanakaa sekunde chache, yanatoweka. Mtoto wakati huo anatazama uso wa rafiki yake. Na hata akiyasoma, mara nyingi yako kwa Kiingereza cha ofisini ambacho hata mama yake atakiruka.

Kuna na video ambazo hazina kibandiko kwa sababu hakuna kampuni ya nje iliyolipa: mwenye video ndiye mwenye duka. Chaneli ya Ryan ya Marekani ilianza mwaka 2015, mtoto mdogo akifungua maboksi ya midoli. Mwaka 2018 jarida la Forbes liliiweka juu ya orodha ya wanaopata pesa nyingi YouTube, dola milioni 22 kwa mwaka mmoja, na mwaka huohuo midoli yenye jina la mtoto huyo ikaanza kuuzwa kwenye maduka ya Walmart. Mwaka 2019 shirika la Truth in Advertising liliishtaki chaneli hiyo kwa FTC, tume inayolinda wanunuzi Marekani, likidai kwamba watoto wasiojua hata kusoma wanatazama matangazo yaliyovishwa nguo za mchezo.

Kwa hiyo, badala ya kumfundisha mtoto kutafuta kibandiko, mfundishe kuuliza: huyu anapata nini nikikubali? Malipo yana sura nyingi. Kuna pesa taslimu, kuna bidhaa ya bure, kuna safari ya kwenda hoteli ya Diani na kula bure wikendi nzima. Kuna pia kiungo kilichowekwa chini ya video, chenye alama ya kumtambua aliyekutuma, ili ukinunua apewe asilimia yake. Akisema "taja jina langu upate punguzo," hiyo ni njia ya kampuni kuhesabu wateja aliowaleta. Watoto hupenda sana kuelezwa hilo, nadhani kwa sababu ni siri ya watu wazima.

Usitoe mhadhara. Keti naye atazame anachokipenda, usimamishe video mara moja au mbili tu, umwache yeye aseme. Jina la bidhaa limetajwa mara ngapi? Kuna kasoro yoyote iliyosemwa? Mtu akikueleza viatu vyake vipya kwa kweli, atakwambia pia kwamba vinabana. Ukisimamisha kila dakika utamchosha, na kesho atatazama chini ya blanketi.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halina hata intaneti. Mpe mtoto kitu kikuukuu cha jikoni na umwambie akiuze kwa video ya nusu dakika. Binti mmoja wa miaka 9 alipewa sufuria ya zamani ya nyanyake. Aliifuta kwanza kwa kitambaa, akaipeleka dirishani penye mwanga, akaigeuza ili upande uliobonyea utazame ukuta. Akasema ni nyepesi, inachemsha chai haraka, nyanya yake haachani nayo. Yote kweli. Tulipomuuliza ameacha nini, akacheka. "Sijasema mkono wake unachoma." Mtoto aliyewahi kuficha mkono wa sufuria hahitaji mtu kumweleza tena kwamba mtu anaweza kukuuzia kitu bila kusema uongo hata mmoja.

Msimvunjie mtoto heshima ya mtu anayempenda. Ukisema "huyo dada yako ni tapeli," atamtetea yeye na kukuacha wewe. Kulipwa kutangaza ni kazi halali. Msanii naye ana kodi ya nyumba. Neno lako liwe kwamba angesema tu.

Nitaweka ukali sehemu moja: kamari. Bodi ya kudhibiti kamari ya Kenya ilipiga marufuku watu maarufu kuipigia debe Mei 2019, na Aprili 2025 ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Hata hivyo mchekeshaji anaweza bado kukuonyesha salio la M-Pesa na kusema ameshinda asubuhi akipiga mswaki. Mtoto hafai kuachwa aifikirie hiyo polepole. Mwambie siku hiyohiyo kwamba anayeonyesha alichoshinda haonyeshi alichopoteza, na kwamba salio kwenye picha haliwezi kuthibitishwa. Angalia pia anatumia simu ya nani. Akitazama kwa akaunti yako, mtandao unadhani yeye ni mtu mzima, na utamletea mikopo na kamari kama unavyokuletea wewe. YouTube Kids, programu ya YouTube ya watoto, haipokei video ambazo wenye video wamesema zina bidhaa za kulipiwa, lakini asiyesema hupita.

Siku ile darasani, tulipokuwa tukikunja nyaya, yule mvulana wa sekunde tano alikuja mbele. "Mwalimu, na wewe umelipwa kutuambia haya?"

Nikamwambia ndiyo, mshahara, kila mwisho wa mwezi, na nikamtajia unakotoka. Akafikiri kidogo, akauliza kama na juisi nimepewa.