Diodi mbili mfululizo hazigawani volti zenyewe

Diodi, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zikiungwa mfululizo, kathodi ya moja (mguu wa kutokea mkondo) hushikana na anodi (mguu wa kuingilia) ya inayofuata. Mkondo unaopita ni uleule kwa zote, na kila moja hula volti zake. Diodi ya silikoni hula takriban volti 0.7, kwa hiyo tatu zitakula kama 2.1. Ampea haziongezeki: mbili za ampea 1 zinabaki kuwa za ampea 1. Hadi hapo mafundi wengi tunaelewana.

Ugomvi uko upande wa kinyume, umeme unapogeuka na diodi zikatakiwa kuuzuia. Nimesikia mara nyingi mno, hata kwa wanaofundisha wenzao, kwamba 1N4007 mbili, kila moja ya volti 1000, zikiungwa mfululizo basi umepata diodi ya volti 2000. Kauli hiyo inachukulia kwamba zitagawana mzigo nusu kwa nusu. Nani amezigawia?

Hakuna diodi inayoziba kabisa. Kila moja huvujisha mkondo mdogo wa maikroampea, na hata zilizotoka pakiti moja hazivujishi sawa. Sasa, kwa kuwa ziko mfululizo, mkondo huo wa kuvuja lazima ulingane kwa zote mbili. Ile inayovujisha kidogo ndiyo hulazimika kubeba volti nyingi. Tuseme moja huvujisha mara nne ya mwenzake, na zote mbili zinazuia volti 1500. Kwa makadirio, ile iliyo bora itaachiwa kama volti 1200, zaidi ya kiwango chake. Ikipigwa shoti, yaani ikaacha kuzuia, mwenzake anabebeshwa 1500 zote, naye anakufa. Inauma kwamba inayotangulia kuungua ni ile nzima zaidi, halafu watu wanalaumu diodi feki.

Dawa yake ni rezista zinazolingana, kila diodi na yake sambamba, zenye kupitisha mkondo mkubwa kuliko ule wa kuvuja. Kwa volti 750, rezista ya megaohmu 1 hupitisha miliampea 0.75, na uvujaji wa maikroampea chache hauna tena sauti. Rezista itatoa joto la zaidi kidogo ya nusu wati, na ndogo za robo wati nyingi hazihimili volti hizo, kwa hiyo nazo huungwa kadhaa mfululizo. Umeme unapogeuka haraka, huongezwa pia kapasita ndogo, kwa sababu diodi inayowahi kuziba hupokea volti zote peke yake kwa kitambo kifupi.

Basi ukimfundisha kijana, mwambie kwamba mbili zinaweza kuhimili zaidi ya moja zikisawazishwa, tena kwa kuacha nafasi chini ya 2000. Halafu mwonyeshe rezista zinapokaa.