CL16 na CL30: namba za kusubiri kwenye RAM zina maana gani

Lebo ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) moja imeandikwa DDR4-3200 CL16, na chini yake 16-18-18-38. Ya pili, ya kizazi kinachofuata DDR4, imeandikwa DDR5-6000 CL30. Ukiwa umeshaambiwa kwamba CL ndogo ndiyo nzuri, utajiuliza inakuwaje RAM ya kizazi kipya iwe na namba kubwa karibu maradufu.

Jibu ni kwamba CL haihesabu muda, inahesabu mapigo. RAM hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa ya kielektroniki, na CL ni idadi ya mapigo yanayopita tangu amri ya kusoma itolewe hadi data ianze kutoka. Ni kama kupima uwanja kwa hatua: mtu mzima akipata 16 na mtoto akapata 30, uwanja ni uleule. Lazima ujue urefu wa hatua.

Urefu huo unaupata kwenye namba ya kasi. DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo, kwa hiyo RAM ya 3200 ina mapigo milioni 1,600 kwa sekunde. (Wauzaji wengi huandika megahezi 3200. Kipimo sahihi ni MT/s, yaani uhamishaji wa data milioni kadhaa kwa sekunde, lakini si jambo la kugombana nao.) Pigo moja basi huchukua nanosekunde 0.625, mara 16, unapata 10. Kwa mkato: zidisha CL kwa 2000, kisha gawanya kwa kasi iliyoandikwa. DDR5-6000 CL30 nayo inatoa nanosekunde 10 kamili. DDR5-4800 CL40 inatoa karibu 16.7, kwa hiyo kwa kipimo hiki peke yake inashindwa na DDR4 tuliyoanza nayo. Hata DDR3-1600 CL9 ya zamani ilikuwa na 11.25.

Kwa hiyo kutoka 1600 hadi 6000 kasi ya kumwaga data imepanda karibu mara nne, ila kusubiri tone la kwanza kumebaki karibu palepale. Sababu iko ndani ya chipu. Kila biti huhifadhiwa kama chaji ndogo mno ya umeme, na chaji hiyo inahitaji muda wake kuhisiwa na kukuzwa. Kuharakisha mapigo hakuifanyi iamke mapema.

Namba nyingine tatu za lebo ya kwanza, 18-18-38, zinaeleweka ukijua kwamba biti hizo zimepangwa kama jedwali. Kabla ya kusoma, safu mlalo nzima hufunguliwa kwanza, na hiyo ndiyo kazi ya namba ya pili. Ya tatu ni mapigo ya kufunga safu iliyokuwa wazi, na ya nne ni muda wa chini ambao safu hukaa wazi. Sasa ona hali inavyobadilika: data ikiwa kwenye safu iliyo wazi tayari, unasubiri mapigo 16 tu. Ikiwa kuna safu nyingine wazi, lazima ifungwe, mpya ifunguliwe, ndipo usome: 18 na 18 na 16, jumla 52, yaani nanosekunde 32.5. Ndiyo maana RAM mbili zenye CL sawa zinaweza kutofautiana, na ni kosa kuangalia namba ya kwanza na kuacha zilizobaki.

Ulipie zaidi kwa ajili ya hili? Kidogo tu. Tofauti ya CL30 na CL36 kwenye 6000 ni nanosekunde 2, na prosesa huficha sehemu kubwa ya kusubiri kwa kutumia kashe yake, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani yake. Michezo inayoitegemea sana prosesa inaweza kunufaika. Kuandika barua na kutazama video, hapana. Ukubwa ndio wa kwanza: RAM ikijaa, kompyuta hukimbilia SSD, yaani diski ya kuhifadhia mafaili, na huko kusubiri hupimwa kwa mikrosekunde, maelfu ya nanosekunde. Pia vipande viwili vya GB 8 kwa kawaida hushinda kimoja cha GB 16, kwa sababu njia mbili za data hufanya kazi pamoja.

Namba za kwenye lebo mara nyingi haziji zenyewe. Hadi uwashe XMP au EXPO (mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya RAM) kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta, RAM huenda ikafanya kazi kwa kasi yake ya msingi, iliyo chini ya ile ya lebo. Ukitaka kuhakiki, programu ya CPU-Z itakuonyesha CL na kasi, ila kwa RAM ya 6000 utaona kama 3000. Usiirudishe dukani: hayo ni mapigo.