Nusumaisha ya dawa nururifu si muda wake wa kuharibika

“Nusumaisha yake ni dakika 20, kwa hiyo baada ya dakika 40 haina kitu tena.” Kauli hii naisikia kwa wanafunzi, kwa watafiti wanaoagiza dawa kwetu, na hata kwa watu wa zamu wanaokuja kuchukua kichupa. Mimi ni mkemia wa dawa nururifu za utafiti wa tiba: naichukua atomu inayotoa mionzi na kuipachika kwenye molekuli ya dawa, ili watafiti waone molekuli hiyo inakwenda wapi mwilini. Katika kazi hii nusumaisha huamua karibu kila kitu, na ndiyo dhana inayotajwa ovyo kuliko zote.

Maana yenyewe ni fupi. Nusumaisha ni muda unaopita hadi nusu ya atomu nururifu zilizopo ziwe zimebadilika kuwa atomu za aina nyingine. Ukipita muda mwingine kama huo, hubadilika nusu ya zilizosalia, wala si nusu ya zile za mwanzo. Mionzi tunaipima kwa bekereli: moja ni atomu moja inayobadilika kila sekunde, na gigabekereli ni bekereli bilioni moja. Ukianza na gigabekereli 40 za kaboni-11, aina ya kaboni inayotoa mionzi, yenye nusumaisha ya dakika 20 na ushei, baada ya dakika 20 utakuwa na karibu 20, baada ya dakika 40 karibu 10, na baada ya saa nzima karibu 5. Zikipita nusumaisha kumi, hubaki takriban sehemu moja kati ya elfu moja. Ni kidogo, lakini kipo, na ndiyo maana taka zetu huwekwa kando na kupimwa kabla ya kutupwa.

Mwanafizikia Ernest Rutherford aliliona jambo hili mwaka 1900 huko Montreal, Kanada, alipokuwa akipima gesi nururifu inayotoka kwenye metali ya thoriamu. Nguvu yake ilishuka hadi nusu kwa muda wa takriban dakika moja, kisha nusu ya nusu kwa dakika nyingine, hata angeanza na kiasi gani. Siri yote iko hapo. Atomu ya kaboni-11 iliyokaa saa nzima bila kubadilika haijachoka, na haiko karibu zaidi na mwisho wake kuliko iliyozaliwa sasa hivi. Zote mbili zina uwezekano uleule wa kubadilika katika dakika ijayo. Uichemshe, uigandishe, uitie asidi, kasi hiyo haitikisiki. Mkemia amezoea kuharakisha na kuchelewesha mambo kwa moto na barafu, kwa hiyo hili humchukua muda kulikubali.

Tunachoweza kukibadilisha ni mwendo wetu wenyewe. Saiklotroni, yaani mtambo unaoziongezea kasi chembe ndogo za atomu, huipiga gesi ya nitrojeni kwa protoni, na kwa kuwa mna oksijeni kidogo ndani yake, hutoka kabonidayoksaidi yenye kaboni-11. Hiyo tunaigeuza kuwa methili iodidi, kemikali inayoshikamana kwa urahisi na molekuli nyingine, tunaipachika kwenye molekuli tuliyoiandaa mapema, tunaisafisha, tunaiweka katika maji ya chumvi yanayofaa kudungwa, tunaichuja, kisha tunaipima ubora. Kazi hiyo hufanywa na mitambo nyuma ya kuta za madini ya risasi. Ikichukua dakika 40, robo tatu ya kaboni-11 imeshaondoka, hata kama hakuna tone lililopotea. Kwa sababu hiyo kichupa kisichoandikwa saa ya kipimo hakina maana kwetu. Gigabekereli 5 za saa ngapi?

Florini-18 hutupa nafasi zaidi, maana nusumaisha yake ni kama dakika 110. Mwaka 1976 FDG, yaani glukosi iliyopachikwa florini-18, ilitengenezwa katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, na kusafirishwa kwa ndege hadi Philadelphia, ambako ilitumika kuchunguza ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza. Dawa ya kaboni-11 isingefaa kwa safari hiyo.

Hadi hapa wengi hunielewa. Kinachoniudhi ni pale watu wanapoifanya nusumaisha kuwa tarehe ya mwisho ya dawa kutumika, kama ile inayochapwa kwenye pakiti ya vidonge. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake si ya kitabuni tu.

FDG iliyotengenezwa alfajiri huweza kutumika kwa saa kadhaa, yaani nusumaisha zaidi ya moja. Anayeitumia baadaye huchukua mililita nyingi zaidi ili apate bekereli zilezile. Haijawa mbovu. Hata ile florini iliyokwisha kubadilika haikuacha uchafu wa kutisha: florini-18 hugeuka kuwa oksijeni-18, na molekuli iliyoibeba huishia kuwa karibu sawa na glukosi ya kawaida, yenye oksijeni nzito kidogo. Ujazo wa dawa kwenye kichupa haupungui hata tone. Wako wanaokitazama kichupa na kushangaa kwamba kimejaa vilevile, wakidhani nusu ya kimiminika ilipaswa kutoweka.

Kwa upande mwingine, dawa inaweza kutofaa ilhali mionzi ingali tele. Mionzi yake yenyewe hushambulia molekuli zilizo kando yake na kuzivunja, hasa dawa ikiwa kali sana katika ujazo mdogo, ndiyo maana FDG mara nyingi hutiwa ethanoli kidogo ya kuilinda. Mpimaji akikuta sehemu kubwa ya florini-18 haiko tena kwenye molekuli inayotakiwa, dawa hiyo haitoki, iwe na gigabekereli ngapi. Tena kuna usafi dhidi ya vijidudu, ambao haujui habari za nusumaisha. Kipimo chake cha kawaida huchukua siku 14. Dawa huwa imeshadungwa na mionzi yake kwisha kabla jibu halijatoka, kwa hiyo usalama hujengwa katika namna ya kutengeneza: vyombo safi, hewa iliyochujwa, kichujio cha mwisho kinachokaguliwa papo hapo.

Lakini jambo ambalo ningependa kila mtafiti alielewe ni hili la molekuli baridi. Katika kichupa cha dawa ya kaboni-11, molekuli zilizo nyingi zimebeba kaboni ya kawaida, iliyoingia kutoka hewani, kwenye gesi na kwenye kemikali. Kikemia ni dawa ileile, ila haitoi mionzi. Dakika 20 zikipita, molekuli nururifu zimebaki nusu, na hizo baridi ziko palepale. Mtafiti aliyechelewa na bado anadai bekereli alizopanga atahitaji ujazo mara mbili, na pamoja nao uzito wa dawa mara mbili. Mtu aliyepaswa kudungwa mikrogramu 2 atadungwa 4. Anapochunguza vipokezi vya ubongo, yaani sehemu za seli ambako dawa hushika, ambavyo ni vichache, molekuli baridi huwahi kuvikalia, na picha itakayotoka itaonyesha vipokezi vimepungua kumbe vimezibwa na dawa yenyewe. Huo ndio ukomo halisi wa dawa nyingi za utafiti, na ndio unaoandikwa katika mpango wa utafiti kama kiwango cha juu cha uzito.

Mkemia George de Hevesy aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1923 alifuatilia risasi nururifu ndani ya mimea ya maharage. Risasi ni sumu, lakini mionzi ilimwezesha kutumia kiasi kidogo mno kisichousumbua mmea. Alipata Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943 kwa kazi hiyo ya kufuatilia. Kinachofuatilia kisivuruge kinachofuatiliwa: dawa zetu zote zimesimama juu ya sharti hilo.

Wengine hudhani nusumaisha ndefu ni dalili ya mionzi mikali. Ni kinyume. Kaboni-14 ina nusumaisha ya miaka 5,730. Chukua idadi sawa ya atomu, nazo za kaboni-11 zitakuwa zinabadilika kwa kasi zaidi ya mara milioni 100. Anayetengeneza dawa zenye kaboni-14 hakimbizani na saa, ila mionzi yake haiwezi kupigwa picha kutoka nje ya mwili.

Limebaki kosa moja, ambalo nalisikia hata kwa waliobobea. Daktari anapotaja nusumaisha ya parasetamoli, anazungumzia muda ambao kiasi chake katika damu hushuka hadi nusu kwa kazi ya mwili. Muda huo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na ini likiugua hurefuka. Dawa nururifu ina nusumaisha hiyo ya mwili na ile ya kiini cha atomu, na zote mbili huenda kwa pamoja. Ikiwa kila moja ni saa 6, watu hujibu kwamba jumla ni saa 12, au wastani ni saa 6. Jibu ni saa 3, kwa kuwa dawa inapungua kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Iodini-131 ina nusumaisha ya siku 8, na tezi ya thairoidi ya mtu mzima huishikilia iodini kwa nusumaisha ya kama siku 80. Pamoja hutoa siku 7 na kidogo. Siku zote jibu huwa fupi kuliko ile fupi kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo unapomshauri mtu anywe maji baada ya picha ya FDG “ili nusumaisha ipungue”, ushauri wenyewe ni mzuri, usiuache. Rekebisha sababu tu. Maji husaidia kuitoa kupitia mkojo ile sehemu ya dawa iliyofika kwenye kibofu, na hivyo mwili hupata mionzi kidogo zaidi. Dakika 110 za florini-18 hubaki zilezile ndani ya kichupa, ndani ya mwili na ndani ya bomba la choo.