Ustawi wa mnyamapori aliyefungiwa: kushiba bado si kustawi

Mbele ya kizimba cha simba hakosekani mtu wa kutania: "Huyu bwana analetewa nyama mpaka mdomoni, mimi mwenyewe nyama naionja sikukuu." Watu hucheka, hupiga picha, kisha husogea kwa nyani. Lakini ndani ya utani huo mna swali la kweli. Mnyama anayelishwa, anayetibiwa, asiyefikiwa na jangili wala ukame, amekosa nini?

Jibu linaanzia kwenye neno ustawi. Siku hizi limeingia hata kwenye sheria, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Mkulima, hata hivyo, alilijua kabla ya Bunge. Muhindi uliopandwa miezi mitatu iliyopita ukabaki kimo cha goti, majani ya njano, haujafa, ila hutasikia mtu akisema umestawi. Kustawi ni kukua na kuishi kama kitu cha jinsi yako kinavyopaswa kuishi. Kwa mnyama, basi, ustawi ni hali yake yeye mwenyewe, mwilini na akilini, jinsi anavyoyapokea maisha aliyonayo. Usafi wa banda na uzito wa ndoo ya chakula ni vitu vya mtunzaji. Vinasaidia, lakini havituambii mnyama anajisikiaje.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni uhuru wa aina tano. Mwaka 1965 kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Profesa Roger Brambell ilichunguza mifugo inayofugwa kwa wingi mabandani kwa mtindo wa kiwanda, ikasema mnyama walau aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Ni madai madogo mno, na inasikitisha kwamba ilibidi yaandikwe. Mwaka 1979 baraza la ustawi wa mifugo la huko huko likayapanua: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu, majeraha au ugonjwa, aweze kufanya mambo ya asili yake, na asiishi kwa hofu na dhiki.

Orodha hiyo iliandikwa kwa ajili ya ng'ombe, nguruwe na kuku, wanyama ambao wazee wao wameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka hadi maumbile yao yakabadilika. Simba hajapitia hayo. Hata akizaliwa kizimbani na kunyonyeshwa kwa chupa, atakuwa amezoea watu tu, na kuzoea watu siyo kufugika. Ndiyo maana kwa mnyamapori uhuru wa nne, ule wa kufanya mambo ya asili yake, ndio unaosumbua. Mengine manne yanaweza kununuliwa kwa fedha na daktari mzuri.

Rudi kwa simba wetu, umtazame nusu saa badala ya dakika mbili. Akiwa amelala, usimhurumie haraka, kwani hata porini simba hulala saa nyingi kuliko anazokuwa macho. Ishara mbaya ni ile ya kwenda na kurudi kwenye mstari uleule, kugeukia jiwe lilelile, mpaka nyasi zimeisha na njia imechimbika. Tembo huyumbisha kichwa kama anayesikiliza ngoma asiyoisikia mwingine. Kasuku hujinyonyoa manyoya. Mienendo hii ya kujirudiarudia isiyo na kazi ni nadra sana kuonekana porini.

Mwaka 2003 watafiti Ros Clubb na Georgia Mason walilinganisha wanyama walao nyama walio katika bustani za wanyama. Mtu angedhani wanaoteseka zaidi ni wale walionyimwa kuwinda. Haikuwa hivyo. Kilicholeta tofauti kilikuwa ukubwa wa eneo ambalo mnyama wa jinsi hiyo hulizunguka porini. Wenye maeneo makubwa ndio waliozungukazunguka zaidi vizimbani, na ndio waliopoteza watoto wengi zaidi. Dubu mweupe wa barafuni alikuwa mfano mbaya kuliko wote: kizimba chake cha kawaida kilikuwa kama sehemu moja ya milioni ya eneo dogo kabisa analolihitaji.

Miaka mitano baadaye ikaja hesabu inayotugusa zaidi, kwa sababu upande mmoja wa mizani uliwekwa tembo wa Amboseli, Kenya. Tembo jike wa Afrika waliozaliwa katika bustani za Ulaya walikuwa na umri wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu yao hufa kabla ya kuufikia, wa miaka 16.9. Wa Amboseli waliokufa kifo cha asili walifikia 56. Hata ukiwahesabu waliouawa na watu, wa Amboseli bado walifika karibu miaka 36. Haki isemwe: watafiti haohao waliona kwamba tembo wa Afrika waliokomaa katika bustani hizo walikuwa wameanza kuishi zaidi kuliko zamani. Lakini mnyama aliye na daktari mlangoni kuishi muda mfupi kuliko yule aliyeko porini, penye ukame na mikuki, ni jambo ambalo ndoo ya chakula haiwezi kulieleza.

Bustani zilizo makini hujaribu kupunguza pengo. Nyama hutundikwa juu ya gogo badala ya kuwekwa sakafuni, matunda hufichwa ndani ya vitu vinavyohitaji kufikiri kuvifungua, harufu ngeni hupakwa kwenye miti, na mnyama hupewa mahali pa kujificha asitazamwe. Hilo la mwisho wageni hawalipendi, maana wamelipa kiingilio kuona chui na siyo kichaka. Kwangu mimi, bustani inayokubali mgeni aondoke bila kumwona chui imeelewa jambo.

Hapa ndipo watu huchanganya ustawi na haki. Februari 2014 bustani ya Copenhagen, Denmark, ilimuua twiga dume mchanga aliyeitwa Marius, mwenye afya njema. Sababu iliyotolewa ni kwamba damu ya ukoo wake ilikuwa tayari imejaa katika mpango wa uzalishaji wa twiga Ulaya. Alipasuliwa hadharani na nyama yake wakapewa simba. Anayepima kwa ustawi atauliza: aliishi vizuri? Aliumia alipokufa? Anayepima kwa haki hafiki hata huko, kwani kwake Marius hakuwa wa kuhesabiwa kama gunia la ziada ghalani. Wote wawili wanaweza kumpenda twiga, ila mizani zao ni mbili.

Wakili naye ana mizani yake. Huko New York, mawakili walidai tembo aitwaye Happy, aliyekuwa katika bustani ya Bronx tangu 1977, aachiliwe kwa amri ileile inayotumika kumtoa mtu aliyefungwa isivyo halali. Mwaka 2022 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilikataa kwa kura 5 dhidi ya 2: amri hiyo ni ya binadamu.

Bustani hiyohiyo ya Bronx ina sura nyingine, nayo inatuhusu Watanzania. Chura wa Kihansi, mdogo wa kutosha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, aliishi duniani kote mahali pamoja tu: kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa. Mradi wa umeme ulipoyageuza maji mengi ya mto, manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, kwenye bustani hiyo ya Bronx. Wengi walikufa mwanzoni, mpaka watunzaji walipojifunza mwanga, unyevu na wadudu wanaowafaa. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 vizazi vya wale waliosafirishwa vilirudishwa korongoni, ambako mabomba sasa hunyunyiza maji kuiga maporomoko.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama bustani ya wanyama ni nzuri au mbaya, kwanza namuuliza: kwa mnyama gani, na kwa sababu gani? Kwa chura yule, sanduku la kioo lenye ukungu halikuwa mbali sana na nyumbani, na safari ilikuwa na tiketi ya kurudi.

Kuna wasio na tiketi hiyo. Kituo cha Sweetwaters huko Ol Pejeta, Laikipia, kilianzishwa 1993 kupokea sokwe waliotolewa Burundi wakati wa vita. Kenya haina sokwe wa asili porini, na sokwe aliyelelewa na watu toka mtoto hapelekwi tu msituni akaachwa. Wanaishi ndani ya eneo lenye miti na uzio wa umeme, hawauzwi wala hawachezeshwi, na katika vituo vingi vya aina hii majike hupewa dawa za kuzuia mimba ili kifungo kisirithishwe. Sokwe anaweza kuishi miaka 50. Anayempokea mtoto wa sokwe leo anajifunga kumlisha, kumtibu na kumtafutia la kufanya kila asubuhi, labda hadi yeye mwenyewe astaafu na kazi ishikwe na mwingine.