Mradi wa mtoto mwenyewe: maana yake na kinachofunzwa ndani yake

Mradi wa mtoto mwenyewe ni kazi ya kubuni anayoianza kwa hiari yake, anayoipanga yeye, na ambayo yeye ndiye anayeamua imekwisha lini. Inaweza kuwa nyumba ya maboksi, nguo za mwanasesere au gari la waya. Ukubwa wa kazi si hoja. Hoja ni nani anayeamua.

Katika elimu wazo hili si geni. Mwaka 1918 William Heard Kilpatrick, mwalimu wa walimu huko New York, aliandika makala kuhusu njia ya kufundisha kwa miradi, na mfano mmojawapo aliotoa ni wa msichana anayeshona gauni. Kwake, msichana akiwa amelitaka gauni hilo kwa moyo wake, akalipanga na kulishona mwenyewe, huo ni mradi. Akishona kwa kuwa ameamriwa, gauni litapatikana, lakini mradi hamna.

Tuchukue gari la waya, maana wengi wetu tumeliona likisukumwa barabarani. Mtoto amepata waya na ndala iliyokatika. Anakata magurudumu kwenye soli, kisha anatoboa tundu kwa msumari. Tundu likienda pembeni kidogo tu, gari linadundadunda. Hajasikia habari za kipenyo wala kitovu cha duara, ila sasa anakitafuta kitovu hicho kwa kijiti, kwa sababu bila hicho gari halitembei. Likija suala la usukani, kazi inakuwa ngumu zaidi. Amefunga ekseli ya mbele, yaani waya unaobeba magurudumu, kama alivyofunga ya nyuma, pande zote mbili, na gari linakwenda moja kwa moja tu, kona halikati. Anamwendea mwenzake ambaye la kwake linakata, anachuchumaa, anachungulia chini: kumbe ekseli ya mbele imeshikwa katikati tu, pembeni imeachwa huru. Anarudi kufumua kazi yake.

Hapo kwenye kufumua ndipo penye elimu yenyewe. Kosa limeonekana bila kalamu nyekundu ya mwalimu. Gari ndilo lililosema. Mtoto amekisia sababu, amejaribu, ameuliza, amerekebisha. Amejifunza pia kuvumilia kazi ambayo haijakaa sawa, jambo ambalo darasani ni nadra kupewa nafasi, kwani kengele ikilia somo limekwisha. Tusizidishe chumvi lakini: gari la waya halimfundishi mtu jedwali la kuzidisha wala kusoma kwa ufasaha. Shule ina kazi yake.

Mradi huu usichanganywe na ule unaotoka shuleni. Kenya ilipoanza kutumia mtaala wa umilisi (CBC), unaolenga kile mtoto anachoweza kukifanya, nchi nzima mwaka 2019, wazazi wengi walilalamika kwamba kazi za mikono za watoto zinawaangukia wao: kununua karatasi za manila na gundi, kisha kukata na kubandika usiku mtoto akiwa amelala. Kinachopelekwa shuleni asubuhi kinapendeza, na aliyejifunza ni mama.

Hata sifa na zawadi zina mipaka yake. Mwaka 1973 watafiti watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilofanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Siku za baadaye, kalamu zilipowekwa tena bila ahadi yoyote, hao walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao. Kilichokuwa mchezo kilikuwa kimegeuka kibarua. Kwa hiyo ukimwambia mwanao "ukimaliza hilo gari nakupa soda", huenda unanunua gari moja na kupoteza mengine yote.

Mzazi basi abaki na nini? Wembe na msumari wa moto ni vyake kusimamia. Hapo hakuna mjadala. Zaidi ya hapo, ampe mtoto kona ambayo kazi isiyokwisha inaweza kulala hadi kesho bila kufagiliwa kama takataka. Na akiulizwa, ajibu alichoulizwa tu. Mtoto akisema "mbona halikati kona?", kumnyang'anya waya ukamfungia ekseli ni kumalizia mradi wako. Ukimuuliza "la mwenzako limefungwaje?", gari linabaki la kwake.