Njo niliyoifuta

Nimehariri mashairi ya vijana wa Lubumbashi kwa miaka mingi, na kosa langu kubwa lina herufi tatu: njo, yaani "ndiyo" ya Kiswahili cha hapa.

Kijana mmoja wa Katuba, mtaa wa mji huu, aliniletea shairi kuhusu baba yake, mchimbaji wa shaba. Lilimalizika hivi:

Baba alienda ku kazi na kofia.
Njo kofia ilirudia.

Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: "Kofia ndiyo iliyorudi." Kiswahili safi. Akashukuru, akaenda zake. Siku ya kulisoma mbele ya watu aliniacha na usafi wangu, akasoma lake. Ukumbi ulinyamaza kwanza, makofi yakaja baadaye.

Hapo ndipo nilipolisikia. Njo ni silabi moja. Inagonga kama nyundo, halafu kofia inafuata peke yake, bila mtu chini yake. Mimi nilitanguliza kofia, pigo likapotea. Tena angalia hiyo ilirudia. Kwetu ni kurudi nyumbani. Kwa msomaji wa Mombasa ni kufanya tena. Humo mnaingia baba mmoja na akina baba wengine wote. Sahihisho langu liliwatoa.

Ugomvi wa aina hii si mgeni. Mshairi Mtanzania Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wapo waliosema hayo si mashairi. Siku hizi mizani haituumizi kichwa sana. Tunachogombania ni lugha. Kingwana, Kiswahili chetu cha Kongo, wanauliza, kinafaa kwenye karatasi? Mimi nilijibu kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo nakaa kimya wengine wanapouliza.

Siku hizi shairi jipya nalisikiliza kwanza, silisomi. Vijana wengi hunitumia sauti kwenye WhatsApp, na hiyo ni bahati. Mara ya kwanza nasikiliza tu. Mara ya pili nachora mstari kila anapovuta pumzi, na mara nyingi mistari hiyo haifanani kabisa na aliyoigawa mwenyewe kwenye karatasi. Ya pumzi huwa ndiyo ya kweli. Anayejua kasala, zile sifa za Waluba zinazomwita mtu kwa majina ya wazee wake mpaka pumzi iishe, hatashangaa. Mwandishi Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa mji huu mwaka 1981, anaandika kwa Kifaransa, lakini msikie akisoma jukwaani pamoja na wapiga jazi: anaita, anarudia, anaishiwa pumzi, anaanza tena.

Kelele zisikudanganye, lakini. Jioni za slamu, mashairi ya kughani jukwaani, pale ukumbi wa Halle de l'Étoile nimesikia vina vya Kifaransa vya -tion vikimwagwa rahisi kama nyanya za saa kumi na mbili jioni sokoni, na watu wakishangilia. Mimi nangoja kitu kidogo kinachoshikika: kofia, sufuria ya bukari (ugali wetu), deni la dukani. Kijana akiniletea "taifa" na "uhuru" tangu mstari wa kwanza, namuuliza asubuhi alikula nini. Wengine hukasirika. Mmoja alirudi na shairi kuhusu chai bila sukari, na ni zuri kuliko yangu yote.

Yule wa Katuba nilimwomba ruhusa ya kulichapa kama alivyolisoma. Akajibu kwa sauti, sekunde nne tu: "Mwalimu, ile ingine haikukuwa yangu."