Si kila damu ya kikohozi ni TB

Hapa Bukavu mtu akikohoa damu, majirani wanampa ugonjwa kabla hajafika hospitali: ana TB, au amelishwa karuho, yaani sumu. Kuitafuta TB kwanza ni haki kabisa, maana iko nyingi kwetu na inapona kwa dawa za miezi 6. Lakini makohozi yakipimwa kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta TB, na vijidudu havionekani, dawa zikamezwa zote na damu bado inatoka, nawasihi, msimrudishie mgonjwa dozi ileile.

Damu hiyo inaweza kutoka kwenye uvimbe wa mapafu unaoitwa karsinoidi. Ni adimu, asilimia 1 hadi 2 tu ya saratani za mapafu, na unakua polepole, mara nyingi ndani ya mrija mkubwa wa hewa. Ukiziba mrija, pumzi inapiga mluzi, na mtu anatibiwa pumu kwa miaka. Au nimonia inapona, kisha inarudi palepale. Hiyo nimonia ya upande uleule ndiyo dalili ninayotaka kila mama wa Kadutu aijue.

Wengine husema: "Redio ya kifua (picha ya eksirei) ni safi, basi hana kitu." Hapana. Uvimbe mdogo ndani ya mrija unaweza kujificha. Skana (CT) inauona vizuri zaidi, na bronkoskopi, kamera inayoingizwa ndani ya mirija ya hewa, inaufikia.

"Hajawahi kuvuta sigara." Karsinoidi huwapata hata vijana wasioijua tumbako.

Neno linalonisumbua zaidi ni hili: "Wasiuguse, wakiuchokoa utaamka." Familia zinakataa biopsi, yaani kutoa kipande kidogo cha uvimbe kipimwe, kwa hofu hiyo. Hatari ya kweli ni damu, kwa kuwa karsinoidi ina mishipa mingi, na munganga (daktari) hujiandaa kwa hilo. Bila kipande kuangaliwa kwa hadubini, hakuna anayeweza kuutaja uvimbe kwa jina lake. Pengine ni hamatoma, ambayo si saratani hata kidogo.

Na jina ndilo linaloamua tiba. Karsinoidi ya kawaida ikipatikana mapema hukatwa, mara nyingi bila kemo (dawa za kuua saratani), na wagonjwa kama 9 kati ya 10 wanakuwa hai baada ya miaka 5. Ile isiyo ya kawaida husambaa kwa urahisi zaidi, hivyo hufuatiliwa kwa karibu.

Redio za zamani msizitupe. Zibebeni zote, hata za miaka 3 iliyopita: munganga akizipanga kwa tarehe, ataona doa lilianza lini.